Maiti Ndani ya Sanduku: Juu ya Kitabu cha Koloneli Corso

Mwaka 1997 kilitoka huko Marekani kitabu chenye jina The Day After Roswell, maana yake Siku ya Pili Nyuma ya Roswell. Mwandishi wake ni Philip Corso, koloneli mstaafu wa jeshi la nchi kavu, akisaidiwa na William Birnes. Koloneli alikufa mwaka uliofuata, lakini maneno yake yangali yakitembea. Mengi wanayoletewa vijana wetu leo kwa njia ya simu, kwa Kifaransa au kwa Kiswahili, juu ya visahani virukavyo na watu wa nyota waliofichwa katika kambi za askari, ni makombo yaliyoanguka kutoka meza ya kitabu hiki na ya ndugu zake. Wanaookota makombo hawaijui meza. Kwa hiyo yafaa sisi tunaofundisha dini tukisome kitabu chenyewe, tukipime kama tunavyopima kitabu cho chote, mbele ya kujibu "ni uongo" au "ni mambo ya shetani". Majibu hayo mawili ni mepesi mno, na kijana aliyeuliza huondoka na swali lake kama alivyokuja nalo.

Koloneli asema nini? Asema kwamba usiku mmoja wa mwezi wa Julai 1947, akiwa kazini katika kambi ya Fort Riley, jimbo la Kansas, aliingia ghalani penye mizigo iliyokuwa ikipitishwa, akafunua sanduku moja, akaona ndani yake maiti ndogo, isiyo ya mtu, ikielea katika maji mazito. Mizigo hiyo, asema, ilitoka Roswell, jimbo la New Mexico, kilipoanguka chombo cha nyota nyingine. Akafunika sanduku, akanyamaza. Miaka kumi na minne ikapita. Mwaka 1961 akawekwa katika ofisi moja ya Pentagon, chini ya Jenerali Arthur Trudeau, na humo akakabidhiwa kabati lenye vipande vya chombo kile. Kazi yake ilikuwa kuvigawa polepole kwa makampuni makubwa bila kusema vimetoka wapi. Ndivyo, kwa maneno yake, Wamarekani walivyopata chipu za kompyuta, leza, nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, na darubini za kuonea usiku.

Tuseme kwa haki: sura ya sanduku imeandikwa vizuri. Ina giza, ina taa ya mkononi, ina askari mwenye hofu. Msomaji hafungi kitabu. Nyuma yake habari inageuka kuwa ripoti ya ofisi, na kila penye kazi ngumu ya akili za watu, koloneli anaweka kipande kilichotoka kabatini. Hapo mtu aanze kushuka mwendo na kuuliza.

Swali la kwanza: nani mwingine aliona? Sheria ya Musa haikukubali neno la shahidi mmoja. Ilitaka wawili au watatu. Hapa yupo mmoja tu. Jenerali Trudeau, ambaye angeweza kusema ndiyo au hapana, alikufa mwaka 1991, miaka sita mbele ya kitabu kutoka. Tena liko jambo la dibaji. Seneta Strom Thurmond, aliyemjua koloneli tangu zamani, aliandika maneno ya kwanza ya kitabu akidhani ni kumbukumbu za maisha ya askari. Alipojua kitabu kinasema nini, alikasirika akadai maneno yake yaondolewe. Anayetaka kujua uzito wa ushuhuda aanzie kwa watu waliokimbia kuusaini.

Swali la pili tunalipata kwa nabii Danieli. Wasomaji wanajua habari ya Suzana na wazee wawili. Danieli hakubishana nao juu ya tabia ya mwanamke, wala hakupiga kelele. Aliwatenga, akamwuliza kila mmoja jambo dogo: chini ya mti gani? Kila mmoja akataja mti wake, na uongo wao ukaanguka. Kwa koloneli swali dogo ni hili: mwaka gani? Asema alianza kugawa vipande mwaka 1961. Lakini Jack Kilby wa kampuni ya Texas Instruments alionyesha chipu yake ya kwanza mwaka 1958, na Robert Noyce akabuni ya kwake mwaka 1959. Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza mwezi wa Mei 1960. Darubini za kuonea usiku, Wajerumani walikuwa nazo vitani mwaka 1945, mbele ya jambo lo lote kuanguka Roswell. Transista ilizaliwa katika maabara ya Bell mwezi wa Desemba 1947, na watu watatu walioizaa, Bardeen, Brattain na Shockley, walitunzwa Nobeli mwaka 1956. Nyuma yao kuna miaka mingi ya majaribio, mengine yaliyoshindikana, na kila jaribio lina karatasi yake. Koloneli anagawa mbegu kwa watu ambao wamekwisha kuvuna. Mimi naona hilo latosha kwa kitabu chake, na sihitaji kupeleleza zaidi alikuwa wapi usiku ule.

Mtu atasema: basi ninyi mapadri mnaogopa tu, maana watu wa nyota wangevuruga dini yenu. Sivyo. Mwaka 1277 Askofu Tempier wa Paris alilaani, kati ya mafundisho mengi, lile lililosema Mungu hawezi kuumba ulimwengu zaidi ya mmoja. Na mwaka 2008 Padri José Gabriel Funes, Mjesuiti aliyekuwa mkuu wa nyumba ya nyota ya Vatikano, aliliambia gazeti la L'Osservatore Romano kwamba kuamini viumbe wengine wenye akili hakupingani na imani, na kwamba kiumbe kama huyo aweza kuitwa ndugu. Uwezo wa Mungu ni swali moja. Kilichomo ghalani Kansas ni swali jingine, na hilo halijibiwi kwa teolojia. Linajibiwa kwa tarehe na mashahidi.

Basi je, Roswell hapakuwa na kitu? Palikuwa na kitu, na hapa ndipo jambo linapokuwa zito.

Katikati ya mwaka 1947 mfugaji mmoja aliokota malishoni pake vipande vya mpira, vijiti, na karatasi ng'avu kama bati. Tarehe 8 Julai kambi ya ndege ya Roswell ilitangaza kwa magazeti kwamba imepata kisahani kirukacho. Upesi sana Jenerali Roger Ramey, huko Fort Worth, akakanusha: ni puto la kupimia hali ya hewa tu. Watu wakaamini, wakasahau. Miaka thelathini habari ililala. Iliamshwa mwaka 1978, ofisa mmoja aliyeokota vipande vile alipoanza kusema, na mwaka 1980 kikatoka kitabu cha kwanza juu yake. Kisha, mwaka 1994, jeshi la anga lenyewe likakiri kwamba lile neno la puto la hali ya hewa halikuwa kweli yote. Vile vipande, lilisema, vilikuwa vya kazi ya siri iliyoitwa Mogul: mafungu ya maputo yaliyopandishwa juu sana yakiwa na vyombo vya kusikilizia mngurumo, ili Marekani ijue siku Warusi watakapolipua bomu la atomi. Warusi walililipua mwezi wa Agosti 1949. Hesabu, ndugu msomaji: tangu 1947 hata 1994 ni miaka arobaini na saba. Serikali iliweka neno la nusu mahali pa neno zima kwa muda wa karibu nusu karne, kisha ikashangaa kwamba watu hawaiamini inaposema zima.

Sasa msomaji wa Katanga asimame hapa kidogo. Kambi ya Roswell haikuwa kambi kama nyingine. Ndipo palipokaa kikosi cha 509, na mwaka 1947 hicho kilikuwa kikosi pekee duniani chenye kazi ya kurusha mabomu ya atomi. Ni kile kile kilichoangusha bomu juu ya Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, na lingine juu ya Nagasaki siku tatu baadaye. Na urani ya bomu la Hiroshima, kwa sehemu kubwa, ilitoka wapi? Ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, mji ulioitwa wakati ule Jadotville. Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alipeleka tani zaidi ya elfu moja New York mwaka 1940; zikakaa huko katika mapipa mpaka mwaka 1942, jeshi lilipozinunua. Jiwe la Shinkolobwe lilikuwa na urani nyingi kuliko mawe ya nchi nyingine. Waliolichimba na kulichagua kwa mikono hawakuambiwa linakwenda kufanya nini. Jina la mgodi likaondolewa katika ramani. Ukamwona mtu anaishi mahali ambapo kwa karatasi hapapo.

Kwa hiyo siri ya Roswell na siri ya Shinkolobwe ni ncha mbili za kamba moja. Maputo ya Mogul yalisikiliza bomu la Warusi kwa sababu bomu la kwanza lilikwisha kufanywa, na lilifanywa kwa jiwe letu. Hiroshima, hata mwisho wa mwaka 1945, watu wapata 140,000 walikuwa wamekufa. Wanaotafuta maiti ndogo ndani ya sanduku wanapita juu ya maiti hizo bila kujikwaa.

Tuende Nevada, maana kitabu cha koloneli na uvumi wa Nevada hutembea pamoja. Kando ya ziwa kavu liitwalo Groom kuna kambi ambayo watu huiita Area 51. Ilianzishwa mwaka 1955 kwa kuijaribia ndege ya upelelezi U-2. Ndege hiyo ilipanda zaidi ya kilometa 18, wakati ndege za abiria za siku zile zilipita kilometa tatu hata sita. Rubani wa abiria, jua limekwisha kuzama kwake, aliona juu kabisa kitu kinachong'aa kama moto, akaandika ripoti. Wakubwa walijua ni nini, wakamjibu ni barafu au ni joto la hewa. Mwaka 1997 mwanahistoria wa CIA, Gerald Haines, aliandika kwamba zaidi ya nusu ya ripoti za miaka ile zilitokana na ndege za siri. Wako wanaosema hesabu yake imezidi, na pengine wana haki. Lakini hata ikiwa ni robo, mtu mnyofu alipewa jibu la uongo na walioijua kweli. Serikali ilikubali kwa hati kwamba kambi ipo mwaka 2013 tu, miaka hamsini na minane tangu kuanzishwa.

Tena si kunyamaza tu. Mwezi wa Juni 2025 gazeti la Wall Street Journal liliandika kwamba uchunguzi wa Pentagon yenyewe ulimfikia koloneli mmoja wa jeshi la anga ambaye, miaka ya 1980, aliingia katika baa karibu na kambi ile, akampa mwenye baa picha za uongo za visahani. Alitumwa, ili watu wazungumze juu ya nyota, wasiulize juu ya ndege mpya isiyoonekana kwa rada. Msomaji wa Matayo hatastaajabu sana. Askari waliolinda kaburi walipewa fedha wakafundishwa la kusema, na mwinjili atwambia kwamba neno hilo lilienea hata siku alipoandika. Uvumi wa namna hiyo hauanzi kwa wajinga. Huanza ofisini, huandaliwa, halafu wajinga ndio wanaochekwa.

Hapa nataka kuleta kitabu cha pili, cha Bibi Luise White, Speaking with Vampires, kilichotoka mwaka 2000, maana chatusaidia kukipima cha koloneli. Bibi White alikusanya uvumi wa nchi zetu wakati wa ukoloni: wazimamoto wa Nairobi na Kampala, banyama wa Rodesia ya Kaskazini, batumbula wa Katanga, waliosemwa kukamata watu usiku kwa faida ya wazungu. Mapadri Weupe wenyewe walitajwa katika Rodesia kuwa wanywa damu. Wazee wa misioni walipokuwa wakisikia hayo walikasirika au walicheka. Bibi White hafanyi moja wala jingine. Hasemi damu ilinyweka. Asema: tuulize kwa nini maneno haya, mahali hapa, kwa wafanyakazi hawa. Mtu anayeshuka shimoni kwa amri asiyoielewa, anayeona wenzake wanachukuliwa kwenda kazi wasikoambiwa, anayepimwa na daktari asiyemweleza neno, ana hofu ya kweli isiyo na jina. Batumbula ni jina aliloipa. Jina ni la uongo. Hofu si ya uongo. Padri aliyecheka alisikia jina, hakusikia hofu.

Nilidhani mara ya kwanza kwamba kitabu cha koloneli ni cha jamii hiyo hiyo, radio trottoir ya Wamarekani. Ukikisoma mpaka mwisho utaona sivyo. Uvumi wa batumbula ulitoka kwa wanyonge na uliwashitaki wakubwa. Kitabu cha Corso kimetoka kwa mkubwa na kinawasifu wakubwa. Katika kurasa zake jeshi lilificha vizuri, liliwadanganya raia kwa faida yao, liliwapa leza na kompyuta, na hata silaha za angani za wakati wa Rais Reagan zilikuwa kinga dhidi ya wageni wa nyota. Msomaji anafunga kitabu akiona amefunuliwa siri, kumbe amefundishwa kuipenda siri. Hilo, kwangu mimi, ndilo kosa kubwa la kitabu, kubwa kuliko makosa ya tarehe. Kinamfanya mtu apige saluti mbele ya mlango uliofungwa.

Wafratri watauliza: na sisi, hatuna siri? Tunayo. Muhuri wa kitubio ni mkali kuliko siri ya jeshi lo lote. Lakini tazama unamlinda nani. Unamlinda mwenye kutubu, aliye dhaifu, ambaye neno lake likitoka ataangamia. Na anayefungwa mdomo ni padri, mwenye mamlaka. Siri ya mahali kama Nevada mara nyingi imegeuka: anayefungwa mdomo ni mdogo, na anayelindwa ni mkubwa. Sisemi kila siri ya Leta ni dhambi. Nchi inayotishwa ina haki ya kuficha ndege zake. Katekisimu ya 1992 yakubali siri za kazi, pamoja na za askari, ila mahali pa dhara kubwa lisiloepukika kwa njia nyingine.

Na dhara lilikuwapo. Habari hii haimo katika kitabu cha koloneli, ingawa ilikuwa mahakamani wakati ule ule alipokuwa akiandika. Mwaka 1994 wafanyakazi wa kambi ya Groom, pamoja na mjane wa mwenzao, waliishitaki serikali. Walikuwa raia, mafundi wa mabati na wa ujenzi. Walisema kwamba miaka ya 1980 mapipa ya rangi na ya gundi zilizotumiwa kwa ndege za siri yalimwagwa katika mashimo marefu, yakamwagiwa mafuta, yakachomwa hewani wazi, nao walifanya kazi katika moshi wake. Ngozi zao zikapasuka kama magamba, wakakohoa. Mmoja alikuwa amekufa mwaka 1989, mwingine akafa kesi ikiendelea. Kwa sababu ya kiapo cha siri, mgonjwa hakuweza hata kumwambia daktari wake anafanya kazi wapi na amevuta moshi wa nini. Wengi wao walishitaki bila kutaja majina, kwa hofu ya kufungwa.

Mwanasheria wao, Jonathan Turley, hakuomba visahani wala maiti za nyota. Aliomba orodha ya vitu vilivyochomwa, ili madaktari wajue la kufanya. Serikali ilikataa, ilikataa hata kulitaja jina la kambi mbele ya hakimu. Tarehe 29 Septemba 1995 Rais Clinton alisaini hati iliyoitoa kambi katika sheria ya kutangaza habari za takataka za sumu, na baada yake Rais George W. Bush aliitoa hati kama hiyo tena. Mahakama ya rufani ikaifuta kesi mwezi wa Januari 1998, na mwaka huo huo Mahakama Kuu ikakataa kuisikiliza.

Siku hizo kitabu cha Koloneli Corso kilikuwa katika orodha ya vitabu vinavyouzwa sana. Watu walisafiri mpaka uzio wa kambi, wakiwa na darubini, wakitazama juu. Magari ya wafanyakazi yalipita kando yao kila asubuhi.